Tutafute Nini Kwanza: Kosa au Mkosaji?

Swali nitakalo kulipima pamoja nanyi mwezi huu ni hili: kazi ya mikono yetu ikikataa kwenda, yatupasa kutafuta nini kwanza, kosa au mkosaji? Wengi hudhani ya kuwa maneno haya mawili ni jambo moja, maana, wasema, kosa halikosi mwenyewe. Mimi naona ni mambo mawili mbalimbali, tena ya kuwa yule atanguliaye kumtafuta mkosaji mara nyingi hulipoteza kosa lenyewe. Ili tusiseme maneno matupu, tulipime swali hili kwa kitu kidogo kiwezacho kuwekwa juu ya meza ya darasa, nacho ni mtambo mdogo wa mvuke, ule ambao mtu huutengeneza mwenyewe nyumbani.

Labda mtu atauliza, kwa nini mvuke? Mitambo ya mafuta imekwisha kushika mahali pa gari la moshi la zamani, na tangu mwaka 2024 treni huenda kwa umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Ni kweli. Lakini hata leo sehemu kubwa ya umeme wa dunia hufanywa kwa mvuke, na huko Olkaria, karibu na Naivasha katika Kenya, mvuke utokao chini ya ardhi umekuwa ukifanya umeme tangu mwaka 1981. Tena mtambo mdogo wa mvuke una sifa moja imfaayo sana mwalimu. Karibu viungo vyake vyote viko nje, huonekana kwa macho, wala hauna siri kwa mtu mwenye subira.

Na tuueleze kwanza, kwa faida ya wale wasiopata kuuona. Mtambo ulio rahisi kuliko yote una silinda moja ndogo ya shaba ya manjano, na ndani yake pistoni ipandayo na kushuka. Silinda hiyo haikufungwa imara. Imeshikwa kwa msumari mmoja mbele ya bao la shaba lililosimama, nayo huyumba huku na huku kama ulimi wa kengele. Ubavuni mwake ina tundu moja, na katika bao mna matundu mawili. Silinda ikiyumba upande mmoja, tundu lake hulingana na lile liletalo mvuke kutoka katika boila. Ikiyumba upande wa pili, hulingana na lile liutoalo mvuke nje. Springi ndogo huibana silinda juu ya bao, mvuke usipate kupenya katikati. Fimbo ya pistoni huzungusha gurudumu zito, na uzito wa gurudumu ndio uipitishao pistoni mahali pale ambapo mvuke hausukumi. Mtambo wote ni huo.

Basi tuseme kijana ameumaliza mtambo wake. Amekata shaba kwa msumeno, amepiga tupa, amelehemu, na gurudumu amelipaka rangi nyekundu. Awasha moto, maji yachemka, mvuke watoka kila mahali ila pale utakiwapo, na gurudumu halizunguki. Wenzake wamesimama wakitazama, na mmoja amekwisha kucheka. Saa hiyo moyo wake una njia tatu mbele yake. Aweza kutafuta wa kulaumiwa. Aweza kuushurutisha mtambo. Au aweza kuuliza.

Njia ya kwanza ni ya kale sana. Adamu alipoulizwa alimtaja Hawa, na Hawa akamtaja nyoka. Kijana naye humtaja muuza shaba, au mwenzake aliyeshika taa, au mwandishi wa kitabu alichokifuata. Huenda asema kweli. Huenda shaba ile ilikuwa mbovu hasa. Lakini tazameni jambo hili: jina likiisha kutajwa, watu huona ya kuwa kazi imekwisha. Hasira imepata mahali pa kukaa, na kila mtu huenda zake. Mtambo nao umebaki juu ya meza, na ufa wake ungali pale pale ulipokuwa. Mkosaji amepatikana, kosa halikupatikana.

Wala msidhani ya kuwa yule ajilaumuye mwenyewe ameikwepa njia hii. Kijana asemaye, "Mimi ni mjinga, mikono yangu haifai kitu," watu humwona kuwa mnyenyekevu. Lakini naye ametaja mkosaji tu, hakutaja kosa. "Mimi ni mjinga" si habari ya mtambo. Haituambii kama tundu liko juu mno au pistoni imelegea. Unyenyekevu wa kweli ni kusema, "Tundu hili nalilitoboa nje ya mahali pake kwa upana wa punje ya mtama," maana neno hilo laweza kutengenezwa, na lile la kwanza haliwezi.

Njia ya pili ni ya kushurutisha, nayo mara nyingi ni mtoto wa njia ya kwanza. Mtu aogopaye kuitwa mkosaji mbele ya watu hutaka mtambo uende sasa hivi, kwa vyovyote. Basi huongeza moto. Hukaza springi mpaka silinda haiwezi kuyumba. Na vali ya usalama, yaani kile kilango kidogo juu ya boila kifunguliwacho na mvuke wenyewe ukizidi nguvu, akiisikia yapiga kelele, huitia uzito au huifunga kwa waya, ili mvuke wote upate kwenda katika silinda. Kwa macho yake hilo si dhambi. Asema, mvuke wapotea, nami nauhifadhi.

Hapa mambo ya mezani yanakutana na mambo ya mauti. Katika mji wa Charleston, katika South Carolina ya Marekani, mtambo wa gari la moshi ulioitwa Best Friend of Charleston ulianza kuchukua abiria siku ya Krismasi mwaka 1830. Tarehe 17 Juni 1831 mchochea moto wake alichukizwa na sauti ya mvuke uliokuwa ukitoka katika vali ya usalama, akaizuia vali isifunguke. Sauti ikanyamaza. Baada ya muda kidogo boila ikapasuka, na mtu yule akapata majeraha yaliyomwua. Sauti ile iliyomchukiza ndiyo iliyokuwa ikimwambia habari ya hatari, naye aliinyamazisha akadhani ameiondoa hatari yenyewe.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiisha huko Marekani, meli ya mvuke iitwayo Sultana ilifika Vicksburg, katika mto Mississippi, boila yake moja ikivuja. Fundi aliyeitwa aliona ya kuwa bamba la boila limevimba, akasema yatakiwa kazi kubwa. Lakini kulikuwako askari wengi waliofunguliwa katika kifungo cha vita, wakingoja kurudishwa makwao, na serikali ililipa fedha kwa kila kichwa. Nahodha hakutaka meli nyingine iwachukue. Kwa hiyo palibandikwa kiraka, tena kiraka chembamba kuliko bamba lenyewe, na meli iliyoruhusiwa kuchukua watu 376 ikapakia zaidi ya 2,000. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili, mbele kidogo ya mji wa Memphis, boila zake zikapasuka, na zaidi ya watu 1,000 wakafa kwa moto na maji. Waliochunguza walitaja sababu nyingi: maji ya mto yalikuwa na matope, boila zilikuwa za namna iliyo ngumu kusafishwa, meli ilikuwa imeelemewa na kulala upande. Mimi sisemi ya kuwa kiraka peke yake kiliwaua watu wale. Nasema ya kuwa kosa lilikuwa limejionyesha kabla, na fundi alilitaja kwa kinywa chake, lakini walikuwapo watu waliopendelea lisionekane. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ila maradhi ya boila hayamwui aliyeyaficha peke yake. Humwua na yule asiyejua kitu, aliyelala sitahani akiota habari za kwao.

Msiseme hayo ni mambo ya meli na ya gari la moshi, hayahusu kitu cha mezani. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi iliyo kubwa zaidi ya mara 1,600 kuliko nafasi yake ya kwanza, na sheria hiyo haiangalii umri wa mwenye mtambo. Mkebe uliozibwa kabisa na kutiwa motoni ni bomu, hata ukiwa mdogo. Risasi ya kulehemu ya kawaida, iliyochanganywa na bati, huyeyuka penye joto la nyuzi 183 hivi za Selsiasi. Maji yakikauka ndani ya boila, moto wa taa hulipita joto hilo upesi, na viungo huachana. Kwa hiyo mafundi wenye akili huiunga boila ya shaba nyekundu kwa lehemu yenye fedha, iyeyukayo penye joto la nyuzi zaidi ya 600. Tena kabla ya kuiwasha hata mara moja huijaza maji baridi mpaka juu, pasibaki hewa, kisha huyasukuma maji yale kwa pampu mpaka yafikie nguvu maradufu ya ile itakayotumika kazini. Kwa nini maji baridi? Kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa au mvuke. Boila ikiwa na ufa, maji yatatiririka tu, na bamba likifunguka halitaruka usoni mwa mtu. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia: mafundi huliita kosa lijitokeze mahali ambapo haliwezi kuua.

Njia ya tatu ni kuuliza. Watengenezaji wa mitambo midogo wana utaratibu wao, nao hautaki mali wala elimu kubwa. Kwanza moto huzimwa na mtambo huachwa upoe. Kisha gurudumu huzungushwa kwa kidole, polepole. Likikwama mahali pamoja katika kila mzunguko, yaelekea kuna fimbo iliyopinda au pistoni ibanayo upande mmoja. Likiwa zito mahali pote, labda springi imekazwa mno au mafuta hayakutiwa. Baada ya hayo mtambo hutengwa na boila, ukapulizwa hewa kwa pampu ya baiskeli. Swali hili moja huyagawanya mambo yote mafungu mawili. Mtambo ukienda kwa hewa na kukataa kwa mvuke, kosa liko upande wa moto na maji: moto ni mdogo, au bomba ni refu na baridi, au mvuke hugeuka maji kabla ya kufanya kazi. Ukikataa hata kwa hewa, basi boila haina neno, na yule aliyekuwa akiongeza moto alikuwa akiongeza hatari tu.

Kosa likiwa katika mtambo wenyewe, povu la sabuni likipakwa penye viungo litaonyesha hewa inakotokea. Mara nyingi hutokea kati ya silinda na bao, kwa kuwa nyuso zile mbili hazikulala sawasawa. Hapo fundi hupaka bao masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo, akaibana silinda juu yake na kuiyumbisha, kisha akaitoa na kuitazama. Penye weusi ndipo zinapogusana. Pasipo weusi pana mwanya. Huusugua uso ule juu ya msasa laini uliotandazwa juu ya kioo, akajaribu tena, mpaka weusi uenee pote. Na kanuni yake kubwa ni hii: asibadili vitu viwili kwa mara moja. Akilegeza springi na kupanua tundu katika saa ile ile, kisha mtambo ukaenda, hatajua ni kipi kilichouponya. Na ukizidi kuharibika, hatajua ni kipi kilichouharibu. Kwa hiyo hubadili kimoja, hujaribu, huandika alichokiona, ndipo hubadili cha pili.

Katika kuuliza huku mtu hujifunza jambo jingine la haki, nalo ni ya kuwa si kila kukataa ni kosa. Mtambo wenye silinda moja isukumwayo upande mmoja tu hauwezi kuanza wenyewe kila mara. Pistoni ikisimama mwisho wa njia yake, hutaka kusukumwa na kidole kidogo, kisha huendelea. Hivyo ndivyo ulivyoumbika. Tena mvuke wa kwanza uingiapo katika silinda baridi hugeuka maji, na mtambo hutematema na kusitasita mpaka silinda ipate moto. Asiyelijua jambo hili huufungua na kuukata mtambo usio na ugonjwa wo wote. Yatupasa kukijua kitu jinsi kilivyo kabla ya kukihukumu. Na neno hili lawafaa pia wanaohukumu watoto.

Nina shahidi mmoja mkubwa kwa ajili ya njia hii ya tatu. Katika siku za baridi za mwaka 1763 kuelekea 1764, Chuo Kikuu cha Glasgow katika Uskoti kilikuwa na mtambo mdogo wa kufundishia, mfano wa ule mkubwa aliouvumbua Thomas Newcomen na kuusimamisha mwaka 1712 kwa ajili ya kutoa maji migodini. Silinda yake ilikuwa na upana wa inchi 2 tu. Haukwenda vema. Ulikuwa umekwisha kupelekwa London kwa fundi mwenye sifa, ukarudi, na bado haukwenda vema. Basi Profesa John Anderson akampa kazi hiyo fundi wa vyombo vya chuo, kijana mmoja jina lake James Watt, aliyezaliwa mwaka 1736. Watt akautengeneza mpaka ukapiga, lakini baada ya kupiga mara chache mvuke uliisha, ijapokuwa boila ilionekana kuwa kubwa ya kutosha.

Angalieni mahali aliposimama kijana yule. Mkosaji alikuwa tayari kabisa, yuko London, mbali, hawezi kujitetea. Watt angaliweza kusema, "Fundi yule aliuharibu," na kila mtu angaliitikia. Au angaliweza kusema, "Kazi niliyopewa nimeifanya, umepiga, na mmeuona," akachukua ujira wake. Hakufanya hivyo. Aliuliza, mvuke huu unakwenda wapi? Akapima. Akaona ya kuwa katika kila pigo mtambo hula mvuke mara kadhaa kuliko kiasi kinachoweza kuijaza silinda. Sababu ya kwanza ni udogo wake. Kitu kikifanywa kikubwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uso wake huwa mkubwa mara nne, lakini nafasi iliyo ndani huwa kubwa mara nane. Kwa hiyo silinda ndogo ina uso mwingi wa kupotezea joto kuliko kubwa, ukilinganisha na mvuke ulio ndani yake. Mtambo mdogo si mtambo mkubwa uliopunguzwa tu. Una shida zake wenyewe. Sababu ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ilikuwamo katika mitambo yote ya Newcomen, mikubwa kwa midogo: maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda kila pigo ili kuupoza mvuke, kisha mvuke mpya ukalazimika kuipasha moto silinda ile ile upya. Joto jingi lilikuwa likipotea hivyo, pigo kwa pigo, kwa muda wa miaka 50 na zaidi.

Basi kosa lilikuwako, mkosaji hakuwako. Si fundi wa London, wala si aliyeutengeneza mfano ule. Na Newcomen naye alikuwa amefanya kazi kubwa kwa elimu ya siku zake. Kama Watt angalitafuta mkosaji, angalimpata siku ile ile, na kosa lingaliendelea kukaa mahali pake. Kwa kuwa alitafuta kosa, mwaka 1765, alipokuwa akitembea siku ya Jumapili katika uwanda wa Glasgow Green, alipata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pekee, mbali na silinda, ili silinda ikae na moto sikuzote. Alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1769. Hata hivyo mitambo yake ya kwanza ya kufanya kazi kwa watu ilianza mwaka 1776, kwa sababu kwa miaka mingi hapakuwa na mtu awezaye kuchimba silinda kubwa iliyo duara kamili, na mvuke ulivuja kandokando ya pistoni. John Wilkinson ndiye aliyepata namna ya kuzichimba vema. Kijana wetu mwenye gurudumu jekundu na afarijike: mvuke uvujao kandokando ya pistoni ulimsumbua Watt mwenyewe kwa muda wa miaka kumi.

Sasa yako maneno ya kujibiwa. Mtu atasema, "Wewe wataka wakosaji waachwe. Nahodha wa Sultana naye asiulizwe?" La, sisemi hivyo. Aliyeijua hatari akawapakia watu juu yake amewakosea watu, na haki hutaka aulizwe. Nahodha yule alikufa pamoja na abiria wake, na mwishowe hapana mtu aliyepata adhabu kwa ajili ya maafa yale; wala mimi siliiti jambo hilo zuri. Nasema tu ya kuwa kuna mpango. Kosa na lijulikane kwanza lilivyo, na lilikuwaje, na nani aliliona. Ndipo tutajua kama kuna mkosaji, na ni nani, na kwa kadiri gani. Hukumu itanguliayo uchunguzi hukamata aliye karibu, au aliye mnyonge, au asiyekuwapo.

Mwingine atasema, "Subira hiyo ni ya watu wenye nafasi. Fundi mwenye wateja mlangoni hawezi kupaka masizi na kuandika daftari." Neno hili lina uzito, nami silidharau. Wako watu ambao kazi ikichelewa siku moja watoto hulala na njaa. Lakini fundi asiye na nafasi ya kulipata kosa bado ana nafasi ya kusema, "Sijalipata." Neno hilo ni fupi, ila lauma ulimi, maana aweza kumpoteza mteja kwa ajili yake. Asilo na ruhusa ya kufanya ni kukirudisha kitu kigonjwa mikononi mwa mwenyewe kikiwa kimepakwa rangi ya uzima. Aliyeambiwa ya kuwa breki yake haijapona ataendesha baiskeli polepole. Aliyedanganywa atateremka mlima kwa mwendo wa kila siku.

Na wa tatu atauliza, "Chuma hakina roho, mtu aweza kukosa uaminifu kwa chuma?" Namjibu ya kuwa chuma hakidanganyiki, na hiyo ndiyo faida yake kwetu. Twaweza kumdanganya mkaguzi, na mzazi, na hata nafsi zetu wenyewe, lakini gurudumu halizunguki kwa maneno. Uwongo uanziao penye mtambo haukimbilii chuma. Hukimbilia mtu, yule atakayesimama karibu nao kesho.

Kwa hiyo nataka kuyaelekeza maneno yangu ya mwisho kwa walimu wenzangu na kwa wazazi. Kitu kikivunjika nyumbani au darasani, neno la kwanza litokalo vinywani mwetu ni lipi? Kwa wengi wetu ni "Nani?" Nani amevunja, nani amemwaga, nani alikuwa wa mwisho kukishika? Na fimbo iko karibu. Sisi twadhani twawafundisha watoto uangalifu. Kumbe twawafundisha jambo jingine kabisa, yaani kwamba kosa lililoonekana lina maumivu na kosa lililofichwa halina. Mtoto ni mwepesi kulishika somo hilo. Ataficha kikombe chenye ufa, atafuta hesabu iliyokosewa kabla mwalimu hajafika, na akiwa mkubwa atakuwa fundi abandikaye kiraka, au karani ageuzaye tarakimu, au muuguzi asiyesema ya kuwa amekosea dawa. Kosa halikupungua kwa fimbo yetu. Limejifunza kujificha tu, nalo likijificha huendelea kukua mpaka siku lipasukapo.

Basi na tujaribu kulibadili neno letu la kwanza. Badala ya "Nani?" tuulize "Umeona nini?" Mwanafunzi akileta mtambo usiokwenda, tusimpe sifuri. Tutazame daftari lake. Ikiwa ameandika ya kuwa alijaribu kwa hewa ukakataa, akapaka masizi akaona mwanya upande wa kushoto, akasugua akajaribu tena, huyo amefanya kazi ya fundi, hata gurudumu likiwa bado limesimama. Na ikiwa mtambo wake wazunguka vizuri lakini vali ya usalama imefungwa kwa waya, tumzimie moto, tumwonyeshe kwa nini, wala tusimsifu mbele ya wenzake kwa mwendo ule.

Nalisema ya kuwa mafundi huijaza boila maji baridi ili ufa ujionyeshe pasipo kumwua mtu. Shule na nyumba zetu zaweza kufanya kazi hiyo kwa watoto. Mahali hapo makosa yao yangali madogo: bakuli limevunjika, hesabu imekosewa, mtambo wa mezani umekataa kwenda. Yakiachwa yaonekane hapo, na kutazamwa kwa utulivu, na kutengenezwa moja baada ya moja, watazoea kuyaonyesha. Maana siku itakuja ambapo mmoja wao atakuwa ameshika usukani wa basi lenye watu sitini, au sindano, au fedha za ushirika, naye ataona ufa ambao macho yake peke yake yameuona. Siku hiyo hatutakuwapo kumwuliza. Atafanya lile alilozoea.